Dawa ya Deni la Fundi wa Kompyuta

Katika shule nyingi za nchi hii iko kompyuta moja inayobeba mzigo wa shule nzima. Ndiyo inayochapa mitihani, ndiyo inayotunza orodha ya wanafunzi, na ndiyo inayoandika barua za kwenda wilayani. Siku inapogoma kuwaka, hasa juma moja kabla ya mtihani, mwalimu mkuu haiti mtaalamu kutoka kampuni kubwa ya mjini. Humtuma mwalimu kijana aipakie mashine hiyo kwenye bodaboda na kuipeleka kwa fundi aliyeko sokoni, katika fremu yenye meza moja, taa moja, bisibisi chache na chombo cha kulehemu. Jioni mashine hurudi ikiwa hai. Malipo, mara nyingi, hubaki kuwa ahadi.

Fundi huyo anastahili kuzungumzwa, kwa sababu miaka ya ugonjwa wa Korona ilimtia katika mtihani mgumu. Yaliyosemwa kuhusu mahoteli, mashirika ya ndege na wakulima wa maua yalikuwa mengi na yalikuwa ya haki. Yaliyosemwa kuhusu fundi wa kompyuta yalikuwa machache mno, ingawa ofisi na shule zilimtegemea kila siku.

Ikumbukwe jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake ilitangazwa kwamba shule za msingi na sekondari zifungwe, na siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Tanzania haikuwafungia wananchi majumbani wala haikufunga masoko. Kwa mtazamo wa juujuu, basi, ingeweza kudhaniwa kwamba fundi hakuguswa, maana mlango wake ulikuwa wazi. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mteja kuingia ni jambo jingine.

Biashara ya fundi mdogo haisimami peke yake. Imeegemea biashara nyingine, nazo zimeegemea watu wenye shughuli. Karibu na kila chuo kikubwa iko safu ya maduka ya stesheneri yanayochapa, kudurufu na kujalidi kazi za wanafunzi. Mashine za maduka hayo hufanya kazi kutwa nzima, kwa hiyo huharibika mara kwa mara, na fundi hupata riziki yake hapo. Vyuo vilipofungwa, stesheneri zilikosa wateja. Na mashine isiyotumika haiharibiki. Kadhalika, watalii waliofika nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, lakini mwaka 2020 walikuwa 620,867 tu. Ofisi za safari za Arusha na Moshi zilipopunguza wafanyakazi, kompyuta zao zilifunikwa vitambaa, na fundi aliyezihudumia akakosa cha kufanya. Uchumi mzima, uliokuwa umekua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Tarakimu hizo mbili zinaweza kuonekana zimekaribiana zikiwa katika kitabu cha takwimu. Katika fremu ya fundi, tofauti yake ilikuwa siku nzima kupita bila mteja.

Pigo la pili lilitoka mbali zaidi. Vipuri vingi vya kompyuta vinavyouzwa Kariakoo hutoka China, na wafanyabiashara walikuwa na desturi ya kwenda wenyewe Guangzhou kuchagua mizigo yao. Viwanda vya China vilichelewa kufunguliwa baada ya mapumziko ya mwaka mpya wao wa 2020, kisha tarehe 28 Machi, 2020 nchi hiyo ikawafungia mipaka wageni walio wengi. Masharti ya karantini kwa wasafiri hayakuondolewa mpaka tarehe 8 Januari, 2023. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, basi, mfanyabiashara mdogo aliagiza kioo, betri au kibodi bila kukiona, akategemea picha na neno la mtu wa mbali. Wakati huohuo, katika nchi tajiri watu waliamriwa kufanyia kazi na masomo nyumbani, nao wakazigombea kompyuta mpakato zilizokuwapo duniani. Fundi akajikuta kati ya kipuri kilichopanda bei na mteja ambaye mapato yake yameshuka.

Juu ya hayo ikawapo kodi ya pango. Ni desturi katika miji mingi ya nchi hii mwenye nyumba kudai kodi ya fremu ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Desturi hiyo humwumiza mfanyabiashara hata nyakati za neema. Nyakati za dhiki humwondoa kabisa sokoni. Mwenye duka kubwa huweza kukopa benki kwa dhamana ya jengo lake. Dhamana ya fundi ni ujuzi ulio mikononi mwake, na benki haijajifunza kuupima.

Pamoja na hayo yote, mafundi wengi walivuka. Njia walizozitumia zafaa zielezwe, kwa kuwa zina mafunzo.

Kwanza, walirudi kwenye ufundi wenyewe. Siku za neema, kifaa kikiharibika hung'olewa na kuwekwa kipya. Vipya vilipoadimika, fundi alilazimika kuitazama bodi yenyewe, kuitafuta kapasita iliyokufa na kuibadilisha kwa risasi na moto. Mashine zilizokwisha kufa zikawa ghala: hii ilitoa kioo, ile feni, na nyingine kibodi. Kutoka katika mashine tatu mbovu ikapatikana moja nzima.

Pili, walimfuata mteja badala ya kumngoja. Mteja aliyeogopa msongamano alipokea fundi nyumbani, au aliipeleka mashine kwa bodaboda na kurudishiwa vivyo hivyo. Matatizo ya programu yalitatuliwa kwa simu, fundi akimwelekeza mteja hatua kwa hatua. Kazi ambayo mitaani huitwa "kupiga windows" iliwapatia wengi mkate wa siku, hasa kwa kuwa Windows 7, iliyokuwa imeenea sana, iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake tarehe 14 Januari, 2020, na wenye mashine wakahitaji msaada wa kuhamia kwenye programu mpya.

Tatu, walipanua kazi. Aliyekuwa akishughulika na kompyuta tu alianza kupokea simu, redio na mashine za kuchapa risiti. Nne, walishirikiana. Mafundi wawili au watatu walihamia katika fremu moja na kugawana kodi. Mmoja akiwa na chombo cha kupimia, mwingine na chombo cha hewa moto, kila kimoja kikawa cha wote.

Mfumo wa fedha nao ulisaidia. Mwezi Mei, 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa mteja kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio la siku kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Lengo lilikuwa kupunguza watu kwenda benki. Kwa wenye biashara ndogo hatua hiyo ilifungua njia: kwa simu fundi aliweza kupokea arubuni kwa mteja asiyemwona, na kwa simu hiyohiyo akamlipa muuza vipuri wa Kariakoo.

Wenzao wa nchi jirani walikuwa na hali nzito zaidi. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, 2020 na haikuondolewa mpaka Oktoba, 2021. Mjini Kampala majengo makubwa ya maduka, ambamo mafundi na wauza vifaa vya umeme wamejazana, yalibaki yamefungwa hadi mwishoni mwa Julai, 2020, na shule za Uganda hazikufunguliwa zote mpaka Januari, 2022. Kwa kulinganisha, fundi wa Mwanza au Mbeya ana la kushukuru.

Hapa ndipo kosa la fikra linapoweza kuingia. Wapo watakaosema: kama walivuka wenyewe, hawahitaji kitu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu aliyevuka mto kwa kuuza mtumbwi wake amevuka, lakini hana cha kuvukia mto ujao. Aliyekula akiba ya miaka mitano, aliyeuza chombo chake cha kupimia, na aliyemrudisha kijijini kijana aliyekuwa akimfundisha kazi, wote wamevuka kwa namna hiyo. Kijana yule aliyerudi kijijini ndiye angekuwa fundi wa leo.

Yapo mambo ambayo watumishi wa umma na walimu wanaweza kuyafanya bila kungoja msaada wa mtu yeyote. La kwanza ni kulipa. Ofisi hupeleka mashine tatu, hurudishiwa zikiwa nzima, kisha hati ya madai hukaa mezani miezi mitano ikingoja saini. Kwa ofisi, shilingi laki moja na nusu ni kiasi kidogo kisichostahili haraka. Kwa fundi, ni kodi ya pango, ada ya mtoto na mtaji wa vipuri vya mwezi ujao. Ni ajabu kwamba mwenye fremu ya mita tatu ndiye anayeikopesha ofisi ya umma, tena bila riba, tena kwa kuombwa avumilie. Katika miezi ile ya 2020, wapo mafundi ambao wangevuka kwa fedha zao wenyewe kama wangelipwa walichokwisha kukifanyia kazi. Urasimu wa namna hiyo hauwezi kusingiziwa ugonjwa. Ulikuwapo kabla yake, na hauna chanjo isipokuwa uwajibikaji.

La pili ni kuitumia sheria iliyopo. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Matengenezo ya kompyuta ni kazi inayolingana kabisa na shabaha ya milango hiyo miwili. Afisa ugavi na afisa maendeleo ya jamii wasingoje fundi aje na maswali ambayo hajui kuyauliza. Wamfuate sokoni wamweleze.

Hata hivyo, mafundi nao wasijione malaika. Wapo wanaong'oa kifaa kizima katika mashine ya mteja na kuweka kibovu. Wapo wanaofungua majalada ya watu yasiyowahusu, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Wengi hawatoi risiti wala hati ya makabidhiano, kisha hulalamika kwamba ofisi haiwalipi. Ofisi ya umma haiwezi kulipa neno la mdomo. Zaidi ya hayo, milango iliyotajwa juu hufunguliwa kwa vikundi, na fundi anayependa kubaki peke yake amejifungia nje kwa mkono wake. Ushirikiano uliozaliwa na dhiki ndani ya fremu moja yafaa usajiliwe uwe kikundi, na baadaye ushirika unaoagiza vipuri kwa pamoja. Mafundi 20 wanaoagiza betri kwa mkupuo mmoja hawawezi kuchezewa bei na mlanguzi kama anavyochezewa mmoja anayenunua moja moja.

La mwisho lahusu stoo za shule na ofisi. Humo zimerundikwa kompyuta zilizokufa, zikingoja kibali cha kuondolewa ambacho hakiombwi. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Si haki nchi isiyotengeneza kompyuta iwe na haraka ya kuzifanya taka. Taratibu za kuondoa mali za serikali zikifuatwa kwa wakati, rundo la stoo laweza kuwa chanzo cha vipuri kwa mafundi na vifaa vya kujifunzia kwa vyuo vya ufundi. Na haja hiyo haijapungua: tarehe 14 Oktoba, 2025 Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa bure kwa utaratibu wa kawaida, na ofisi nyingi zimejikuta na mashine nzima ambazo toleo jipya haliziwezi. Swali la kuzitupa au kuzitunza litaishia kwenye meza ileile ya sokoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ugonjwa wa Korona ulionyesha ufa ulipo. Hakuna ajuaye dhoruba ijayo itakuja lini, wala itakuwa ya namna gani. Lakini yajulikana kwamba siku itakapokuja, kompyuta ya shule itagoma kuwaka juma moja kabla ya mtihani, na mtu atatumwa sokoni. Ili amkute fundi, hati zilizolala mezani zitiwe saini leo. Dawa ya deni ni kulipa.