Taya linaloalika: suala tulilolisahau katika mjadala wa muguka

Kaa kwenye maskani yoyote ya Mombasa baada ya alasiri, iwe Majengo au Likoni, utasikia mambo mawili yakienda sambamba. La kwanza ni mabishano ya siasa. La pili ni dogo na lataka utege sikio: tak! Ni taya la kijana likialika kila anapofungua kinywa. Wenzake humcheka, naye hucheka nao, kisha shavu linajazwa upya.

Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti ya Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu kule Embu ikayasimamisha. Upande mmoja ulizungumzia akili za vijana na ndoa zinazovunjika. Upande wa pili ulimzungumzia mkulima wa Mbeere na karo ya wanawe. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini kinywa chenyewe, mlango ambao muguka hupitia, hakikupata wakili.

Weka vidole viwili mbele ya masikio yako, kisha fungua na ufunge mdomo. Hapo panapocheza ndipo kilipo kiungo cha taya. Katikati ya mifupa yake kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa kusuguana na mfupa. Kisahani hicho kikisogea mbele ya mahali pake, taya linapofunguka hukirukia na kurudi juu yake, na hapo ndipo mlio hutoka.

Mlio peke yake si ugonjwa. Watu wengi mataya yao hualika miaka nenda miaka rudi bila maumivu, na hawahitaji tiba yoyote. Jambo hubadilika pale unapokuja na maumivu, taya linapokwama, au kinywa kinapokataa kufunguka. Kipimo chepesi cha nyumbani ni vidole vyako vitatu vilivyosimama wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, kuna jambo.

Sasa mfikirie mtafunaji wetu. Taya liliumbwa kutafuna chakula, kisha lipumzike. Yeye hulifanyisha kazi kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, mara nyingi upande mmoja, huku akiongeza chingamu na karanga kupunguza uchungu wa majani. Misuli ya upande ule huchoka, huuma, na baada ya muda huenda hata ikavimba. Juu ya hayo, kichangamshi kilichomo kwenye majani humfanya akaze meno bila kujijua, na usingizi hukimbia.

Hata hivyo, tusiwatwike watafunaji lawama zote. Jirani yangu mmoja, muuza mahamri, hajawahi kuweka jani la muguka mdomoni. Aliumwa upande wa uso hadi sikioni. Kituo cha kwanza alipewa dawa ya matone ya sikio. Cha pili aling'olewa gego, kisha jingine, na maumivu yakabaki palepale. Mtu wa tatu kumwona alimgusa mbele ya masikio, akamwambia afungue kinywa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mama, usiku unasaga meno?" Alikuwa akisaga, tena tangu mumewe akose kazi. Dhiki nayo hutafuna. Lakini yale magego mawili hayarudi.

Kwa mwenye mlio unaouma, hatua za kwanza hazina gharama. Pumzisha taya kwa wiki kadhaa: kula wali, uji, mbaazi, samaki wa mchuzi, mahindi ya kuchoma, mishikaki migumu, barafu na chingamu viweke kando. Kandika upande unaouma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, dakika kumi hadi kumi na tano. Ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa mkono. Na mchana kutwa kumbuka: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno ya juu na ya chini hayafai kugusana ila wakati wa kula na kumeza. Usimruhusu mtu alivute au kuligonga taya lako ati alirudishe.

Maumivu yakiendelea, muone daktari wa meno. Anaweza kukufundisha mazoezi au kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku. Upasuaji huhitajika kwa wachache mno. Taya likikwama wazi, au uso ukivimba pamoja na homa, usingoje kesho. Na maumivu ya taya yakija na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika, huenda ni moyo: kimbilia hospitali.

Kaunti zetu nazo zina deni. Afya ni jukumu lao kikatiba, wala hawahitaji ruhusa ya mahakama ya Embu ili kumfunza mhudumu wa zahanati kugusa kiungo cha taya kabla ya kumtuma mgonjwa kung'olewa jino. Hawahitaji kushinda kesi ili wapeleke matabibu wa meno maskani, wazungumze na vijana bila kuwafokea. Kijana asiyesikia habari ya akili yake huenda akasikia habari ya taya ambalo tayari linamuuma.

Marufuku yaweza kurudi au yasirudi. Mwili ni amana, na taya lile litaendelea kualika hadi mmoja wetu aache kucheka na kumuuliza mwenzake: linakuuma?