Tusibebe Uongo Juu ya Mwenzetu



Hapa Lembeni tukimtaja Idi Amin tunakumbuka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Leo tumtazame mwanamke aliyefanya kazi katika serikali yake: Elizabeth Bagaaya, binti wa mfalme wa Toro, Uganda.

Alisoma Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata uwakili Uingereza. Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 alimfanya balozi, na Februari 1974 waziri wa mambo ya nje. Mwezi uliofuata aliyemtangulia, Michael Ondoga, alikutwa ameuawa, maiti yake imo katika Mto Nile.

Novemba 1974 Amin alimfukuza, akitangaza kwamba alizini na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege, Paris. Bibi huyu alikana. Mwanzoni mwa 1975 alitorokea Kenya. Magazeti ya Ulaya yaliyorudia kashfa hiyo aliyashtaki, akashinda. Mwaka 1986, Amin akiwa uhamishoni, Uganda ilimtuma tena, awe balozi wake Marekani.

Je, alifanya vema kumtumikia Amin? Tunaweza kubishana. Lakini tuone jambo moja: mwanamume akifukuzwa ataitwa mzembe; mwanamke huvuliwa heshima. Na uongo hauna miguu, hubebwa na midomo. Tunapoletewa habari ya mwenzetu, sokoni au bombani, tuulize kwanza: nani ameisema, naye anapata faida gani? Binti zetu wanatusikiliza.