Mtetemo wa Pikipiki Kuukuu

Ateremkaye kutoka Uru kwenda Moshi kwa pikipiki kuukuu ya silinda moja huijua ganzi ya vidole. Si jambo la mzaha: mkono wenye ganzi huchelewa kushika breki, na huenda nyuma umempakia mama watoto.

Chanzo ni pistoni moja kupanda na kushuka pasipo mwenzake wa kuisawazisha. Uzito uliowekwa kwenye krenki hupunguza mtikiso wa juu na chini, lakini huzusha mwingine wa mbele na nyuma. Hivyo mtetemo hauishi, ila waweza kupunguzwa.

Kwanza, injini ikiwa imepoa, kagua bolti zinazoifunga kwenye fremu. Iliyolegea ikazwe, iliyolika ibadilishwe, na fremu yenye ufa ichomelewe kabla ya safari. Pili, badilisha mipira ya usukani na ya vikanyagio iliyokauka. Tatu, upandapo mlima usiilazimishe injini kwa gia kubwa. Punguza gia mapema.

Ganzi isipokwisha baada ya safari, mwone daktari, kwani mtetemo wa miaka mingi huharibu neva na mishipa ya damu ya vidole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.