Msiniambie mnaaminiana, nionesheni daftari

KUTOKA BARAZANI
Na Hadija Mkongewa

Jumapili iliyopita kikoba chetu kilikwama kwa shilingi 6,000. Tulikuwa wanachama 24, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye viti vya plastiki, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti hapa Mbagala. Wahesabu fedha walimimina noti kwenye beseni, wakahesabu, zikapungua. Wakahesabu tena, zikapungua vilevile. Mara ya tatu hata wale ambao huwa hawaishi kunong'onezana walinyamaza.

Katibu akaomba vitabu vyote vya wanachama virudi kwake. Akavipitia kimoja kimoja, kidole kikifuata mihuri, hadi akafika kwa mama mmoja aliyekaa karibu na ukuta. Mama yule alikuwa amenunua hisa mbili. Katibu alimgongea mihuri mitano. Hisa yetu ni 2,000. "Kosa ni langu," akasema. Akaikata mihuri mitatu kwa kalamu nyekundu, akamwonesha mwenye kitabu, akatoa 500 ya faini kama katiba yetu inavyotaka, tukaendelea na mikopo.

Hakuna aliyemwambia, "Acha tu dada, tunakuamini." Faini ilipokelewa, ikaandikwa. Na mimi nawaambieni, hakuna mtu kwenye kile kikundi ninayemwamini kwa fedha zangu kuliko yule katibu.

Nimelibeba jambo hili wiki nzima kwa sababu huku maofisini tumezoea kinyume chake. Mtu akiuliza risiti, anaambiwa hana imani na wenzake. Akitaka kujua fungu fulani limeishia wapi, anaitwa mchochezi. "Sisi hapa ni familia, tunaaminiana," husema bosi, na kikao kinafungwa. Wahenga wa biashara walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, lakini tunalisema neno hilo kwa wenye maduka tu, kana kwamba mashirika yetu yana kinga.

Utaratibu wa kikoba chetu haukubuniwa Mbagala. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuunda vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha zao wenyewe, bila mtaji wa nje. Mfumo huo ukaenea Afrika nzima, na kwetu umezaa vikundi vya hisa na vikoba vya kila jina. Msingi wake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Sanduku hulala kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi popote isipokuwa mbele ya mkutano. Kabla ya kutawanyika salio la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wenyewe, hutangazwa na wote tunalishika kichwani, kwa sababu tangu mwanzo wengi wa wanachama hawakujua kusoma. Mkutano unaofuata, kabla hata beseni halijatolewa, anaulizwa mtu: tuliacha shilingi ngapi? Bibi asiyejua kuandika jina lake anaitaja hesabu ya kikundi kwa sauti, na ikitofautiana na ya daftari, kazi inasimama mpaka kieleweke.

Kijana mmoja msomi wa uhasibu aliwahi kuniambia kwamba kufuli tatu ni ushahidi kuwa hawa watu hawaaminiani. Nilimwomba afikirie usiku wa yule anayelaza sanduku. Mume wake anajua limo chumbani. Shemeji anajua. Mwanawe ana ada inayodaiwa. Siku akinunua kitenge kipya, mtaa mzima utahesabu bei yake. Kinachomfanya alale na avae kitenge chake bila kunyooshewa kidole ni zile funguo tatu walizonazo watu wengine. Kufuli lilitengenezwa kwa ajili yake kabla ya kutengenezwa kwa ajili ya mwizi. Katika ofisi nyingi tunamwachia mhasibu mmoja kila kitu kwa jina la kumwamini, kisha majungu yanamla akiwa hai, ameiba au hajaiba.

Nililijua hili kwa uchungu. Shirika moja nililolifanyia kazi zamani lilipenda sana neno uaminifu. Lilikuwa limeandikwa ukutani, mapokezi, kwa herufi za bluu. Kila mwaka tulijazishwa dodoso: je, unauamini uongozi? Tuliweka alama ya nne au ya tano, tukaambiwa tumefanya vizuri. Kisha mzee wetu mmoja, dereva, akastaafu. Akaenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na barua yake ya kustaafu, akarudi siku ileile na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa. Miezi mingi ya michango yake haikuwahi kufika. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara ipelekwe kila mwezi, kwa kawaida nusu kutoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na kwenye hati zetu za mshahara makato yalionekana kila mwezi. Tulikatwa fedha, hazikupelekwa.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Watu wasiopungua wanne mle ndani walikuwa wanajua. Mmoja alikuwa akiandika hundi, mwingine akipokea barua za madai. Wote walijaza dodoso lile, na wote waliweka alama nzuri.

Ndiyo maana leo nikiitwa kuzungumza na uongozi wa taasisi yoyote, siulizi wafanyakazi wanajisikiaje. Nauliza habari mbaya ya mwisho kumfikia mkurugenzi ilikuwa ipi, ilimfikia baada ya siku ngapi, na aliyeileta yuko kitengo gani sasa. Nauliza ni lini mtu mkubwa alisema "kosa ni langu" kwenye kikao chenye watu wa chini yake. Maswali hayo hayahitaji dodoso. Ukimya unaofuata unajibu, na mara nyingi macho ya wasaidizi yanajibu kabla ya mdomo wa bosi. Mahali ambapo habari mbaya hukaa miezi kwenye ngazi ya tatu, hamna kuaminiana hata kama watu wanakunywa chai pamoja kila asubuhi.

Wala ukubwa wa chombo hauponyi ugonjwa huu. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo, chombo ambacho vyama vyenyewe vilikimiliki na kukiwekea fedha za wanachama wake. Ukaguzi maalumu ulibaini hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3 za Kenya na hesabu zilizopikwa kwa miaka. Kila chama kilichoweka fedha pale kilikuwa na wakaguzi wake na mikutano yake mikuu. Lakini pale kileleni, kwa vile ni chombo chetu, nani angeanza kumhesabu mwenzake?

Hapa kwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi kama chetu na kuviweka daraja la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Ni hatua nzuri, na kwa mwanamke anayekimbia mikopo ya kausha damu ni ulinzi wa kweli. Ila cheti cha usajili hakihesabu noti. Beseni ndilo linalohesabu, na macho 48 yanayolitazama.

Narudi kwa lile shirika langu la zamani. Baada ya yule mzee, uongozi ulibadilika. Mkurugenzi mpya hakuitisha semina wala hakuigusa ile bluu ya ukutani. Alilipa madeni ya michango kwa awamu, na kila alipolipa alibandika stakabadhi kwenye ubao karibu na mlango wa jiko, pamoja na orodha ya majina. Mwezi wa kwanza tulijazana pale kama kwenye matokeo ya mtihani. Watu walipiga picha kwa simu, wakaenda wenyewe kwenye mfuko kuhakiki, na mkurugenzi aliwapa ruhusa ya nusu siku. Mmoja alikuta jina lake limerukwa. Akaenda kusema. Likaongezwa kwa kalamu mbele yake, na wiki ile ile akapewa stakabadhi mpya.

Mwezi wa pili tulikuwa wachache. Kufikia mwezi wa saba au wa nane, sikumbuki vizuri, nilipita kuchukua chai nikaona hakuna mtu aliyesimama pale. Karatasi ya mwezi ule ilikuwa imebandikwa, pini nne pembeni, muhuri bado unang'aa.