Chaki chini, lakini nani alipiga kura?

KUTOKA 56
Na Peris Amwayi

Agosti 26, 2024 ilikuwa Jumatatu ya kufungua shule kwa muhula wa tatu. Katika shule za msingi za umma huku Kawangware, walimu wa ua mmoja waliamkia hali mbili tofauti. Wale wa gredi za chini, wengi wao wanachama wa chama cha walimu cha KNUT, walikuwa wamesikia jana yake kwamba mgomo umefutwa na kazi iendelee. Wenzao wa sekondari msingi wanaofuata chama kingine, KUPPET, walikuwa wameambiwa waweke chaki chini. Lango ni lile lile, mwalimu mkuu ni yule yule. Mzazi mwenye mtoto gredi ya nne na mwingine gredi ya nane alimwacha mmoja shuleni, akarudi na wa pili hadi steji ya 56, akiwaza atamwachia nani huku yeye akienda kufulia watu nguo Lavington.

Tangu wakati huo kila nikikaa na mwalimu namuuliza swali lile lile: kuhusu mgomo huo, wewe ulipiga kura wapi? Wengi hucheka. Mwalimu mmoja wa Gatina alinijibu kwamba kura yake ni yale makato ya chama yanayotolewa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Nilicheka naye, lakini jibu hilo halijanitoka kichwani.

Mgomo wa walimu nchini Kenya huzaliwa barazani. Kwa KNUT ni NEC, baraza la kitaifa. Kwa KUPPET ni NGC, baraza lao la uongozi. Viongozi wa matawi husafiri hadi Nairobi, huketi, hutoka na tamko mbele ya kamera. Kabla ya hapo mwakilishi wa shule huenda alisikiliza minong'ono ya chumba cha walimu, katibu wa tawi naye akasikiliza minong'ono ya wawakilishi. Hiyo ndiyo kura. Mwanachama anayefundisha watoto zaidi ya 80 katika darasa moja hupata habari kutoka taarifa ya saa moja jioni, au barua yenye muhuri iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu ambaye naye ametumiwa tu.

Na mgomo hufa vivyo hivyo. Mwezi ule wa Agosti, NEC ya KNUT ilifuta mgomo Jumapili baada ya serikali kuahidi fedha za awamu ya pili ya nyongeza ya mishahara, ile iliyokuwa imekwama baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa. KUPPET waliendelea, wakitaka pia walimu wanagenzi 46,000 waajiriwe kwa masharti ya kudumu na waliokwama katika ngazi moja kwa miaka wapandishwe vyeo. TSC, tume inayowaajiri walimu, ilikimbilia mahakamani ikapata amri ya kusimamisha mgomo, na mwanzoni mwa Septemba viongozi wakatia saini mwafaka wa kurudi kazini. Walimu waliokuwa wamekaa nyumbani wiki nzima walijua mambo yameisha kwa njia ile ile waliyojulia kuwa yameanza.

Sasa tuseme sheria inasemaje, kwa maana hapa ndipo walimu wengi wanapochomeka. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Ualimu haumo katika orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazizuia kugoma. Zima moto wamo, hospitali zimo, walimu hawamo. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, kifungu cha 76, inaweka masharti ili mgomo uwe na ulinzi. Mzozo uwe unahusu mazingira na masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama. Uwe umepitia upatanishi ukashindikana. Na chama kiwe kimetoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri wa Leba.

Tafuta neno "kura" katika kifungu hicho, hulioni. Kama ipo, utaikuta katika katiba ya chama chako, na nakuuliza kwa upole, mwalimu, ni lini mara ya mwisho uliishika katiba hiyo mkononi?

Sharti la upatanishi ndilo linaloangusha migomo mingi. Mzozo ukishapelekwa kwa Waziri, mpatanishi huteuliwa ndani ya siku 21, kisha hupewa siku 30 za kusuluhisha, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuongeza. Akishindwa, hutoa cheti kwamba mzozo haukutatuliwa. Cheti hicho ni karatasi kavu isiyo na mbwembwe, lakini wakili wa TSC huiulizia kabla ya kitu kingine chochote. Kiongozi anayewaambia wanachama "tunagoma Jumatatu" ilhali mzozo wenyewe haujawahi kumfikia mpatanishi anawapeleka vitani bila ngao, na yeye hatapata barua ya kujieleza kwa sababu yeye hana darasa.

Tofauti kati ya mgomo wenye ulinzi na usio nao ni kubwa. Katika mgomo wenye ulinzi, mwajiri hawezi kukufuta kazi kwa sababu uligoma. Katika usio na ulinzi, umevunja mkataba na unaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Kuhusu mshahara, hata hivyo, yote mawili ni mamoja: siku ambazo hukufanya kazi, mwajiri halazimiki kuzilipa. Nimekutana na walimu wenye shahada mbili wanaoamini kwamba mgomo halali hulipwa. Haulipwi. Mkopo wa Sacco utakatwa, mwenye nyumba atapiga simu tarehe tano, na duka la kona halina fomu ya kuonyesha kwamba upatanishi ulishindikana.

Waulizeni waliokuwepo 2015. Mwaka huo walimu walikuwa na kitu adimu, hukumu mkononi: Juni 30 Jaji Nduma Nderi aliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikakataa kulipa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba, KNUT na KUPPET waliingia mgomoni pamoja, makatibu wakuu wao, Wilson Sossion na Akelo Misori, wakizungumza kwa sauti moja kwenye runinga. Rais Uhuru Kenyatta akasema pesa hazipo. Serikali ikaamuru shule zifungwe, hata za binafsi, ila kwa watahiniwa tu. Septemba 25 Jaji Nelson Abuodha aliusimamisha mgomo kwa siku 90 na kuagiza walimu warudi kazini wakati mazungumzo yakiendelea. Mshahara wa Septemba ulizuiliwa. Kisha Novemba 6 Mahakama ya Rufaa ikaitupa ile hukumu ya nyongeza yenyewe. Wiki tano za njaa, na karatasi waliyoipigania ikachanika.

Sisemi haikufaa kitu. Mwaka uliofuata ilitiwa saini CBA (mkataba wa pamoja wa mishahara) ya shilingi bilioni 54, na sioni kama ingepatikana bila kumbukumbu ya Septemba ile. Migomo huleta mambo. Ule wa Oktoba 1997, chini ya katibu mkuu wa KNUT Ambrose Adeya Adongo, ulimlazimisha Rais Moi, uchaguzi ukibisha hodi, kukubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ingawa walimu walirudi kugoma mwaka uliofuata na miaka mingine mingi wakidai kilekile walichokwisha kuahidiwa. Na wanagenzi wa sekondari msingi waliogoma Mei 2024, wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kurushiwa barua za nidhamu kwa maelfu, waliingia katika ajira ya kudumu Januari 2025. Swali langu si kama mgomo unafaa. Ni nani aamue kwamba mwezi huu mwalimu fulani hatalipa kodi.

Kwingine wamelijibu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kura ya wanachama kulingana na katiba ya chama, na wengi wa waliopiga wakubali. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliwapigisha kura wanachama wake kabla ya mgomo wa mwishoni mwa Julai. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikautangaza kuwa batili. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kura ni dawa ya mahakama, si dawa. Ilichowapa wale walimu ni kwamba hakuna aliyeweza kusema viongozi waliwaburuta.

Uingereza nako wamelivuta hadi likakaribia kukatika. Sheria yao ya 2016 ilitaka angalau nusu ya wanachama washiriki, na sheria za kabla yake zilishataka kura zenyewe ziende kwa posta. Januari 2023 chama cha walimu cha NASUWT kilipiga kura. Takriban tisa kati ya kila kumi waliorudisha karatasi walitaka mgomo, lakini waliorudisha walikuwa asilimia 42 tu. Mgomo ukafa kwenye sanduku la barua. Wenzao wa NEU walipita kwa asilimia 53 ya ushiriki nchini England, wakagoma. Kizuizi cha namna hiyo sikitaki hapa. Aliyekiweka hakuwa na nia ya kumsikiliza mwalimu.

Viongozi wa vyama wana hoja yao na ina uzito: kura ya siri huchukua wiki, humwonyesha mwajiri ni matawi gani yamelegea, na TSC inajua kutumia ulegevu huo. Walimu wanakumbuka ilivyokuwa baada ya 2019, TSC ilipowanyima wanachama wa KNUT nyongeza ya CBA, na chama chenye watu zaidi ya 180,000 kikabaki na sehemu ndogo tu kufikia wakati Sossion anajiuzulu mwaka 2021. Lakini hoja hiyo inanigeuka na kuwa yangu. Wale walihama mmoja mmoja, kimyakimya, kwa kujaza fomu. Hiyo pia ilikuwa kura, ila ilipigwa kwa kuchelewa na bila mjadala.

Siku hizi mwalimu hupata taarifa ya mshahara wake kwenye simu. Chama kinachoweza kukata ada yake kupitia kwa mwajiri kila mwezi bila kukosea hakiwezi kudai kwamba kumuuliza ndiyo au la ni kazi ya wiki nyingi. Na aulizwe mara mbili: wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Hasa wa kutoka, kwa kuwa ndipo minong'ono ya kuuzwa huanzia, ya haki na ya uongo pamoja.

Kuna walimu wengine ambao hata minong'ono hiyo haiwafikii. Nyuma ya steji ya 56, na kote Kibera hadi Ng'ando, watoto wengi husoma katika shule za mabati zinazofundishwa na watu wasioajiriwa na TSC, wasio na chama, wanaolipwa mzazi akilipa. Shule za umma zikifungwa, hao hubaki darasani. Mwalimu wa huko akigoma, hukuta nafasi yake imechukuliwa kabla ya saa nne ya chai. Hilo ni la wiki nyingine, nitalirudia.

Kwa mwalimu mwenye chama, nina ombi la wiki hii. Mwombe katibu wa tawi lako nakala ya katiba. Imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, si siri ya ofisi. Notisi ya mgomo ikitolewa, uliza mambo matatu kabla ya kuimba: mzozo ulipelekwa kwa Waziri lini, cheti cha mpatanishi kiko wapi, na CBA inayotumika sasa, iliyotiwa saini Julai 2025, inasema nini juu ya jambo mnalogomea, kwa sababu kama imeshalimaliza, sheria hairuhusu mligomee. Kisha mkutano mkuu wa tawi ukiitwa, peleka pendekezo la maandishi kwamba hakuna mgomo utakaoanza wala kufutwa bila kura ya siri ya wanachama. Tafuta wenzako wa kuliunga mkono. Na anayekuja kukuomba kura ya uongozi wa tawi, muulize kama atalibeba hadi Nairobi, akisita, usimpe.