Baba pia aulizwe anatumika wapi

Hapa Likasi, mtoto akizaliwa na kilema, famili inaangalia kwanza mama: alikula nini, alikunywa dawa gani, kwao kuko na nini. Baba mwenye kutoka ku kazi Shituru ao ku mashimo ya Kambove, hakuna anayemuuliza kitu. Sisi mu sendika tunasema hiyo si haki. Hata sayansi haiikubali.

Tuangalie vinyama vidogo, vya kuonekana na mikroskopu. Mbegu za madume yao si za namna moja. Vinyoo vya udongo, vya milimita moja hivi, mbegu yao haina mukia, inatambaa. Mu maji ya mito na maziwa kuko ostrakodi, vinyama vyenye magamba mawili kama kome. Kwa jamii zingine mbegu ni ndefu kupita mwili wa dume mwenyewe! Vingine (nawaambia kweli) havina dume hata moja, ni majike tu.

Wataalamu wanaeleza hivi: ndani ya jike mdogo njia ni fupi, dume anaweza kutengeneza mbegu chache na kubwa. Kwa nyama mkubwa njia ni ndefu, nyingi zinapotea, basi inafaa ndogo na nyingi sana. Siye bantu tuko upande huo. Mwanaume anatengeneza mamilioni kila siku, na kila moja inaomba miezi miwili na zaidi. Hiyo usine haina siku ya kufunga. Sumu ikiingia mu mwili leo, inakuta kazi iko inaendelea.

Mwaka 2020 gazeti la The Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanywa Lubumbashi, juu ya batoto 138 waliozaliwa na vilema na wengine 108 wasio navyo. Kwa baba anayefanya kazi ya mugodi, hatari ilikuwa kama mara 5. Haionyeshi kama ni mbegu iliyoharibika, ao ni vumbi la nguo analopeleka nyumbani. Njia zote mbili zinapita kwa baba.

Code du travail inalinda mama mwenye mimba, vizuri. Lakini ku visite médicale, mwanaume wanamupima kifua na macho, basi, kwisha. Tunaomba damu yake ipimwe metali kila mwaka na apewe matokeo mu mkono wake. Tunaomba douche ku mugodi, na nguo za kazi zifuliwe kulekule, si mu beseni moja na za batoto.