Dawa ya Kupe Ipimwe, Isikisiwe

Mvua zikinyesha kupe hujaa malishoni, na nyuma yao huja ndigana kali. Mfugaji hununua dawa, huchanganya, hunyunyiza. Wiki chache baadaye ndama anavimba tezi chini ya sikio, anashikwa na homa, anahema kwa taabu, anakufa. Lawama inaiangukia dawa: ni feki. Dawa feki zipo kweli. Lakini muulize mfugaji aliipimaje, na mara nyingi utaambiwa alikisia kwa kifuniko cha chupa.

Tusemeni hesabu wazi. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 20 kwa lita 10 za maji, na ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji kama lita 10 ili alowe mpaka kwenye ngozi. Bomba la mgongoni la lita 20, basi, ni la ng'ombe wawili. Tunaona bomba hilo hilo likimaliza zizi zima! Mgongo unang'aa kwa maji, mwenye mali anaridhika, na kupe hajaguswa. Kupe anayeeneza ndigana kali hukaa sikioni. Wengine wako chini ya mkia, kwenye kiwele, makwapani na katikati ya kwato. Huko ndiko dawa inakotakiwa kufika, kwa kunyunyiza kinyume cha manyoya, ng'ombe akiwa amefungwa imara.

Kupunguza dozi ili dawa idumu ni hasara mara mbili. Kupe dhaifu hufa, wenye uvumilivu hubaki na kutaga mayai kwa maelfu, na baada ya misimu kadhaa kijiji kizima kina kupe sugu. Hapo watu hukimbilia chupa yenye jina jingine bila kusoma kiambato, kumbe dawa ni ile ile. Wengine huongezea sumu ya mazao, jambo la hatari kwa ng'ombe, kwa anayenyunyiza na kwa anayekunywa maziwa.

Josho nalo lina masharti yake. Kila ng'ombe anayepita huondoka na dawa mwilini, kwa hiyo kujazia maji peke yake ni kulizimua. Kamati ya josho isiyojua ni lini dawa iliongezwa mara ya mwisho inaogesha mifugo kwa maji ya tope. Ng'ombe wanyweshwe kwanza, wasije wakanywa dawa kwa kiu. Kazi ifanywe kukiwa na ubaridi, na isifanywe mvua ikinukia. Kama ni amitrazi, punda asiguswe nayo: inamdhuru.

Anayenyunyiza naye ana mwili. Avae glavu, buti na barakoa, upepo uwe nyuma yake, watoto wawe mbali. Akamue kwanza ndipo anyunyize, na afuate muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuuza maziwa. Bomba lisioshwe mtoni, maana dawa hizi huua samaki.

Chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, ipo, na mwenye uwezo aitumie. Haizuii maradhi mengine ya kupe, kwa hiyo kuogesha kubaki palepale.

Lililobaki ni la maduka. Dawa ya kupe inayopimiwa kwenye chupa ya soda haina jina, dozi wala tarehe ya mwisho, na mtoto akiikuta nyumbani ataidhani kinywaji. Mfugaji, ikatae. Nanyi maofisa mifugo wa halmashauri, piteni madukani msimu huu wa mvua, na muuzaji atakayekutwa akipima hivyo afungiwe duka.